Washirika wa Baptist, msikimbie kikao cha kanisa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na Wabaptisti wenzetu wa Nairobi. Kila robo mwaka mambo huenda hivi: mchungaji akishatoa baraka, katibu husimama na kutangaza, "Washirika tubaki kidogo, tuna kikao." Hajamaliza kusema, nusu ya watu wako mlangoni. Wanaobaki ni mashemasi, kina mama wachache wa umoja, vijana wa kupanga viti, na wazazi ambao watoto wao hawajatoka shule ya Jumapili. Hao ndio wanaopitisha bajeti ya mwaka mzima, kisha wiki inayofuata kanisa lote linalalamika.

Viongozi wengi husema washirika wamepoa kiroho. Sisi tulio kwenye kazi ya ukatibu na uenyekiti wa vikao hatukubali. Mtu anayekesha Ijumaa kucha kwenye maombi halafu akatoroka kikao cha saa moja na nusu hajapoa. Amezoea kuona kikao ni mahali pa kuarifiwa mambo yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Ikiwa anatakiwa kuitikia Amina tu, ataiitikia akiwa ndani ya matatu. Kwa hiyo kumkemea madhabahuni hakusaidii. Kinachosaidia ni jinsi kikao kinavyoandaliwa na kuendeshwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa wiki mbili kabla ya siku yenyewe.

Tukumbushane kwanza kwa nini mambo haya huletwa kwa washirika wote. Katika Matendo 6, wajane walipolalamika kusahauliwa kwenye huduma ya kila siku, mitume hawakujifungia chumbani wakateua watu saba. Waliwaambia ndugu wachague, na waliochaguliwa wakaletwa mbele ya mitume. Katika Mathayo 18, hatua ya mwisho ya kumrejesha aliyekosa ni kuliambia kanisa, si kuliambia baraza. Paulo naye anapowaandikia Wakorintho barua ya pili anataja adhabu iliyotolewa na walio wengi. Waliounda kanisa la kwanza la Kibaptisti kule Amsterdam mwaka 1609, John Smyth na Thomas Helwys wakiwa mbele, waliyasoma maandiko hayo wakayachukua yalivyo. Helwys alirudi London, akamwandikia Mfalme James kwamba mfalme ni mwanadamu na hana mamlaka juu ya roho za watu wake, akafungwa katika gereza la Newgate na kufia humo. Watu waliomnyima mfalme mamlaka hayo hawangempa mwenyekiti wa mashemasi.

Wamishonari wa Baptist walipofika Kenya mwaka 1956 walikuja na utaratibu huo huo, na ndio uliomo katika katiba za makanisa yetu mengi, ziwe zinasomwa au zimo kabatini. Mwanglikana anaye askofu, Mpresbiteri ana presbitari, yaani baraza linalosimamia makanisa ya eneo. Sisi Konvensheni, yaani umoja wa makanisa ya Baptist, inaweza kutushauri na kutupatanisha, lakini haituletei mchungaji wala haimwondoi. Mambo yakiharibika katika kanisa la Baptist la Kayole au la Kawangware, hakuna wa kupigiwa simu aje atoe amri. Kuna kikao, na kikao kikiwa kimekufa, hakuna kitu.

Tunajua yapo makanisa ya Baptist jijini yanayoongozwa na wazee, na hatuna ugomvi nayo. Hata huko, mambo kama kumwita mchungaji, kupitisha bajeti, kununua au kuuza ardhi, kupokea na kutenga washirika, na kubadilisha katiba kwa kawaida hubaki mikononi mwa washirika. Tunayoyasema hapa yanahusu hayo.

Tuanze na tangazo. Kikao kitangazwe Jumapili mbili mfululizo, katika ibada zote kama kanisa lina ibada zaidi ya moja, na karatasi ibandikwe mlangoni. Kundi la WhatsApp linasaidia lakini halitoshi. Nyanya wengi wana kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp, na kijana aliyeishiwa na bando atauona ujumbe Jumatatu watu wakishamaliza. Tuma SMS kwa kila nambari iliyo kwenye daftari la washirika, iseme siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na jambo moja zito litakaloamuliwa. Saa ya kumaliza ni muhimu kuliko viongozi wengi wanavyodhani. Mama anayepaswa kufika Ruai kabla giza halijaingia atabaki akijua kikao kinaisha saa saba; asipojua, ataondoka tu.

Ajenda ndiyo inayoharibu vikao vingi. Huandikwa hivi: maombi, kumbukumbu, yatokanayo, ripoti ya mchungaji, fedha, ujenzi, mengineyo. Mshirika akisoma "ujenzi" hajaambiwa kitu. Hajui anaulizwa nini, hivyo hawezi kuja na wazo, na akija anasikia bei kwa mara ya kwanza wakati mikono inainuliwa. Hoja iandikwe nzima, kwa maneno yatakayopigiwa kura. Kwa mfano: "Kwamba kanisa litumie shilingi 640,000 kubadilisha mbao na mabati ya paa la ukumbi wa watoto, 400,000 zitoke mfuko wa ujenzi na 240,000 zichangwe kufikia mwisho wa Agosti, kazi ipewe fundi wa pili kwa bei kati ya watatu, kwa kuwa yule wa bei ya chini hakuhesabu mbao." Chini yake iongezwe sentensi mbili: hoja ikikataliwa kitafanyika nini, na nani ataulizwa maswali kabla ya kikao. Hapo fundi seremala aliyekaa safu ya nyuma atakuja na swali la maana kuhusu mbao, na huenda akaliokolea kanisa pesa. Kwa ajenda ya neno moja, angebaki kimya.

Jihadharini na "mengineyo". Humo ndimo mambo mazito hupenyezwa saa saba na nusu, watu wakiwa na njaa. Tunapendekeza kanisa liweke kanuni kwamba jambo lolote linalogharimu pesa au kugusa kazi ya mtu haliwezi kuamuliwa chini ya mengineyo. Linaweza kutajwa, likaandikwa, likawa ajenda ya kikao kijacho. Vilevile jambo zito lianze. Katika vikao vingi kusoma kumbukumbu neno kwa neno hula nusu saa nzuri ya mwanzo, ambapo akili za watu bado ziko macho. Kumbukumbu zigawiwe wiki moja kabla. Kikaoni yaulizwe masahihisho tu, zithibitishwe, watu waendelee. (Si mara moja tumeona rangi ya mapazia ikijadiliwa dakika arobaini na kiwanja kikapita kwa dakika nne. Watu wanaijua rangi ya mapazia. Kuhusu kiwanja hawakupewa karatasi.)

Kuhusu saa, kikao cha baada ya ibada ya pili ndicho kibaya kuliko vyote, na Jumamosi ya Nairobi ni ya mazishi, chama na harambee. Utaratibu unaofaa ni mara nne kwa mwaka kuunganisha ibada kuwa moja, mahubiri yakawa mafupi, ikapita chai na mandazi, kikao kikaanza saa tano na nusu na kufungwa saa saba kamili. Walimu wa shule ya Jumapili wapishane. Wengi wao ni wanawake, na wale wale wakiachiwa watoto kila robo mwaka, kanisa litakuwa linaamua mambo ya watoto bila watu wanaowajua watoto. Mlinzi wa zamu au muuguzi asiyeweza kufika aruhusiwe kumpa katibu swali kwa maandishi, nalo lisomwe kama lilivyo. Kura asipigiwe na mtu mwingine. Kura ya mshirika huiva kwa kusikiliza hoja za pande zote, na mkiruhusu kura za kuwakilisha, mtu mmoja hodari wa kupiga simu atafika na kura kumi na tano mfukoni.

Sasa daftari la washirika, ambalo ndilo chanzo cha vikao vingi kuwa batili bila watu kujua. Tuseme daftari lina majina 400 na katiba inataka akidi, yaani idadi ya chini ya wanaohudhuria, ya theluthi moja. Akidi ni watu 134. Lakini katika hao 400, wako waliohamia Kitengela wakajiunga na kanisa la huko, waliorudi mashambani, waliooa na kuolewa katika madhehebu mengine, na marehemu ambao hakuna aliyekata majina yao. Wanaohudhuria kweli ni 210. Kikao kikipata watu 90, ambao ni wengi sana kwa kanisa hilo, bado hakijafikia akidi. Kinachofuata ni moja kati ya mawili. Ama kikao kinaahirishwa mpaka watu wanachoka kuitwa, ama mwenyekiti anasema "tuendelee kwa imani", na mwaka unaofuata mtu aliyekasirika anayapinga maamuzi yote mbele ya wakili. Daftari likisafishwa likabaki na 210, akidi inakuwa 70, na wale 90 wanatosha.

Kusafisha daftari si kazi ya katibu peke yake na kalamu nyekundu. Gawanyeni majina kwa mitaa au kwa makundi ya nyumbani. Kila mtu apigiwe simu, asiyepatikana aandikiwe au atembelewe, na apewe miezi mitatu ya kujibu. Aliyehamia kanisa jingine apewe barua ya kuhama ushirika. Mgonjwa na mzee wa kitandani abaki kwenye daftari, lakini katiba iseme kama anahesabiwa katika akidi au la. Mwishowe majina ya kuondolewa yaletwe kikaoni na washirika wenyewe wayapitishe. Hatua hiyo ikirukwa, msimu wa kumchagua mchungaji utasikia kwamba waliofutwa wote walikuwa wa upande mmoja, na huenda hata wa kabila moja, na hakuna atakayeweza kuthibitisha vinginevyo.

Siku ya kikao, mezani mlangoni wakae watu wawili na daftari. Mshirika atie sahihi apewe kadi ya rangi. Mgeni akaribishwe akae upande wake bila kadi. Wakati wa kuhesabu huinuliwa kadi, si mikono. Utaratibu huu mdogo humaliza ule mnong'ono wa "yule naye ni mshirika tangu lini?" Katiba iseme pia mtu anaanza kupiga kura akiwa na umri gani, maana tunabatiza watoto wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu waliokiri imani wenyewe. Wapo wanaowaruhusu katika yote, wapo wanaosubiri miaka kumi na minane kwa mambo ya mali na mikataba. Vyovyote mtakavyochagua, isiwe mara ya kwanza kuliuliza hilo ni wakati kura zinapishana kwa tatu.

Mwenyekiti wa kikao akiwa mchungaji, asikalie kiti hicho panapojadiliwa mshahara wake, nyumba yake, mkataba wake au jamaa yake. Sisi tungependa awepo msimamizi mwingine wakati wote, ili mchungaji abaki mchungaji hata kwa walioshindwa kura, lakini hilo kila kanisa lijipimie. Kazi ya msimamizi ni kugawa muda sawasawa. Kila mtu apewe dakika tatu, asizungumze mara ya pili kabla wanaotaka kuzungumza mara ya kwanza hawajaisha, na baada ya anayeunga mkono aitwe anayepinga. Maikrofoni iende kwa mtu aliko. Mama akilazimika kutoka safu ya nyuma hadi mbele ya madhabahu kuuliza bei ya saruji, hataiuliza. Na lugha: bajeti iliyochapwa kwa Kiingereza cha mhasibu inawafungia mlango watu wengi katika makanisa ya Eastlands. Iandikwe kwa Kiswahili, na mzee akitaka kusema kwa lugha ya kwao, apatikane wa kumfasiria.

Kuna kauli moja inayoua mijadala kuliko uchovu: "Msiwaguse masihi wangu." Zaburi ya 105 inazungumzia wafalme waliotaka kuwadhulumu mababu wa Israeli walipokuwa wageni nchini mwao. Haizungumzii mshirika anayeomba kuona risiti. Paulo mwenyewe, alipokuwa akipeleka mchango Yerusalemu, alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na katika 2 Wakorintho 8 anasema alifanya hivyo mtu asije akamlaumu. Mtume hakuona kwamba amevunjiwa heshima.

Tufike kwenye kura. "Wanaokubali waseme Amina!" haiwezi kuitwa kura. Hakuna anayejua walionyamaza ni wangapi, na kumbukumbu haziwezi kuandika namba. Msimamizi asome hoja mara nyingine, aulize wanaokubali, aulize wanaopinga, aulize wasiopiga upande wowote, na namba zote tatu ziandikwe. Kura ya wazi inatosha kwa mambo ya kawaida. Linapohusu mtu, kama kumwita mchungaji, kumwondoa, au kuchagua mashemasi, itumike kura ya siri. Katika kanisa, aliyeinua mkono kupinga anaweza kuwa mpangaji wa shemasi au mwajiriwa wa mzee wa kanisa, na Jumatatu atakutana naye.

Kura ya siri ina kazi yake. Karatasi moja ya A4 hutoa vipande vinne. Vipande vipigwe muhuri wa kanisa, na vitolewe sawa na idadi ya waliotia sahihi mlangoni. Vilivyobaki vichanwe mbele ya watu. Hesabu ifanywe na watu watatu wasio mashemasi wala jamaa wa anayepigiwa kura, mbele ya kanisa, mara mbili. Zilizoharibika zitengwe na kutajwa. Kisha karatasi zote ziwekwe ndani ya bahasha, itiwe sahihi juu ya gundi, ihifadhiwe angalau mwezi mmoja.

Na kabla ya yote, someni katiba yenu inasema theluthi mbili ya nani. Tuseme waliohudhuria ni 120, waliopiga kura ni 96, na waliosema ndiyo ni 70. Theluthi mbili ya waliopiga kura ni 64, basi mchungaji ameitwa. Theluthi mbili ya waliohudhuria ni 80, basi hakuitwa. Hoja moja, siku moja, majibu mawili kinyume, na kila upande ukiwa na katiba mkononi. Kanisa lisilofafanua hilo mapema linajitafutia mgawanyiko, na kwa kuwa mchungaji ameshafunga mizigo kule alikokuwa, mgawanyiko huo unamwumiza naye. Ufafanuzi mzuri ni sentensi moja tu kwenye katiba: "theluthi mbili ya kura halali zilizopigwa, akidi ikiwa imetimia."

Upande wa pesa, mshirika hahitaji kuwa mhasibu. Adai ukurasa mmoja wenye namba nne: salio la mwanzo, zilizoingia, zilizotoka, salio la mwisho. Mfano: tulianza na 182,300, zikaingia 1,046,500, zikatoka 998,700, zikabaki 230,100. Jumlisha na utoe, zinakubaliana. Sasa uliza swali la tano: benki inasema tuna ngapi? Ikiwa benki na paybill kwa pamoja zina 171,400, kuna shilingi 58,700 za kuelezwa. Huenda ni sadaka ya Jumapili ya mwisho ambayo haijapelekwa benki, huenda ni hundi iliyoingizwa kwa tarehe nyingine, huenda ni mkopo uliotolewa kwa mtu kwa huruma bila kikao kujua. Mweka hazina mwaminifu atakuwa na jibu, na atafurahi limeulizwa hadharani badala ya kunong'onwa. Mambo mawili huharibu hesabu za makanisa yetu mara nyingi. La kwanza ni sadaka kutumwa kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, ambapo pesa za kanisa na za unga wa nyumbani hukaa pamoja. La pili ni pesa za ujenzi kulipa mishahara "kwa muda", na muda huo hauna mwisho. Kila mfuko uonyeshwe peke yake.

Wakati huohuo, washirika nao waache mashemasi wafanye kazi. Si kila shilingi iletwe kikaoni. Katiba au bajeti iweke kiwango, tuseme shilingi 20,000, ambacho mashemasi wanaweza kutumia kwa dharura na kuripoti baadaye. Kikao kinachojadili sabuni ya choo kitakosa watu kwa haki.

Mambo ya nidhamu tuyaseme kwa ufupi. Kufika kikaoni ni hatua ya tatu, baada ya mtu kuonywa faraghani na mbele ya mashahidi. Aliyeitwa ajulishwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na kanisa lisomewe uamuzi unaopendekezwa bila kuanikiwa ya chumbani. Lakini tuhuma ya kumdhuru mtoto au kumbaka mtu hupelekwa polisi kwanza. Hakuna kura ya washirika inayoweza kuizika, na mwenye kupendekeza hivyo aambiwe papo hapo.

Pia kuna sheria ya nchi. Kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, linatakiwa kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, washirika wote wakialikwa, hesabu za pesa zikitolewa na viongozi kuchaguliwa au kuteuliwa kulingana na katiba. Kubadilisha katiba kunahitaji idhini ya maandishi ya Msajili wa Vyama, ikiombwa kabla. Tangu mauti ya 2023 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kule Shakahola, na ripoti ya 2024 ya kikosi kazi cha serikali kuhusu mashirika ya dini kilichoongozwa na Mutava Musyimi, ambaye aliwahi kuwa mchungaji wa Nairobi Baptist, mjadala wa serikali kusimamia makanisa haujaisha. Wabaptisti wengi wanauogopa. Kanisa linalowasomea washirika hesabu kila robo mwaka na kuandika namba za kura lina majibu tayari, mkaguzi aje au asije. Lisilofanya hivyo litaanza kutafuta karatasi siku atakapobisha hodi.

Kwa mshirika mwenyewe, kuna mambo machache. Usifanye kampeni. Orodha za "watu wetu" zinazotumwa kwa simu usiku wa kuamkia kikao huleta siasa za wadi kanisani, na kwa Nairobi siasa hizo zina kabila. Zungumza kikaoni, si kwenye maegesho ya magari. Ukishindwa kura, unaweza kuomba pingamizi lako liandikwe kwenye kumbukumbu, kisha uchangie lile paa pamoja na wengine. Na usisubiri kualikwa ndipo uwe na hoja: katika makanisa mengi mshirika yeyote anaweza kuleta hoja kwa maandishi akiwa na mmoja wa kuiunga mkono.

Jumapili ijayo mwombe katibu akuonyeshe jina lako kwenye daftari, uone kama nambari ya simu ni ya sasa, na umwombe nakala ya katiba. Ukiambiwa katiba haipatikani, umeshapata hoja yako ya kwanza: kwamba katiba ya kanisa ichapwe kwa Kiswahili na kila mshirika apewe nakala kabla ya mkutano mkuu. Iandike, mtafute wa kuiunga mkono, na umkabidhi katibu kabla hajatangaza kikao mara ya kwanza.

Makatibu na wenyeviti wa vikao katika makanisa ya Baptist,
Nairobi